Mmoja Katika Wanne

Tarehe 9 Februari

Kwa Babu,

Shikamoo Babu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamekupa nafuu. Habari za magoti nimezipata kwa Baba. Mimi sijambo kidogo, na hicho kidogo ni kidogo kweli: nimetoka wodini juzi baada ya wiki tatu, na bado napanda ngazi kama bibi kizee.

Mimi ni mjukuu wako, mtoto wa kwanza wa binti yako. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa sijaanza shule. Sasa nina miaka kumi na minne. Nadhani unakumbuka kuwa nina selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujikunja kama mundu. Zikikwama kwenye viungo, nalazwa. Nikilazwa, darasa halinisubiri.

Safari hii nimekuta kwenye hesabu wamemaliza sehemu na wameingia kwenye uwezekano. Nimeazima daftari la rafiki yangu, lakini mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye tope. Mwalimu ana wanafunzi sabini, ameniambia nitajisomea. Mtihani wa mwisho ni Novemba. Mwaka jana niliukosa nikiwa wodini, na shule imesema haitanipokea mara ya tatu.

Mama alinikuta nimelalia kitabu. Alikuwa ametoka kazini, kwenye karakana ya kushona sare za shule, bado ana nyuzi za bluu kwenye nywele. Akasema, "Hesabu? Babu yako alikuwa anafundisha. Mwandikie." Nikamuuliza nikuambie nini kutoka kwake. Akasema, "Mimi usinitie kwenye barua." Baba amesema nisijisumbue kupiga simu kwa sababu hupokei.

Swali lenyewe ni hili. Mfukoni mna gololi nane, tano nyekundu na tatu za bluu. Unatoa moja bila kuirudisha, alafu unatoa ya pili. Uwezekano wa zote mbili kuwa nyekundu ni upi? Mimi nimeandika 5/8 × 5/8 = 25/64. Kitabu kinasema 5/14. Sijui hiyo kumi na nne imetoka wapi.

Baba anakusalimu sana. Mwalimu wangu anakusalimu. Jirani yetu wa mlango wa pili anakusalimu pia, ingawa hakujui.

Ni mimi,
Mjukuu wako


Tarehe 20 Februari

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako, yenye stempu iliyobandikwa kichwa chini. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, ambayo yana umri wa miaka sabini na mmoja kama mimi, kwa hiyo siyalaumu. Nasikia unapanda ngazi kama bibi kizee. Vema. Nilikuwa natafuta mchumba wa rika langu.

Kwanza, neno ni "halafu", si "alafu". Utaliandika mara ishirini nyuma ya karatasi ya majibu. Nilifundisha sarufi miaka thelathini na mmoja, na katika kumi na tisa ya mwisho nilipewa na hesabu juu yake, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikwenda likizo na hakurudi. Masomo hayo mawili ni ndugu. Yote mawili hayataki kubahatisha.

Pili, swali lako. Ulipotoa gololi ya kwanza, mfukoni zilikuwamo nane, na nyekundu zilikuwa tano. Hapo umeandika 5/8, na ni sahihi. Lakini gololi uliyoitoa iko mkononi mwako. Haimo tena mfukoni. Zimebaki saba, na kati yake nyekundu ni nne. Kwa hiyo:

5/8 × 4/7 = 20/56 = 5/14.

Kosa lako si la kuzidisha. Umehesabu kitu kilichokwisha kuondoka. Kabla ya kugusa kalamu, jiulize: kilichotoka kinarudi, au hakirudi? Ukikosea hapo, hata ukizidisha kama malaika utapata jibu la swali la mtu mwingine.

Nimeambatanisha maswali kumi na mawili, sita ya sehemu na sita ya uwezekano. Onyesha njia. Kwa simu mtu huonyesha jibu tu, ndiyo maana siipokei.

Barua yako ina salamu za baba yako, za mwalimu na za jirani asiyenijua. Nimeona ambazo hazimo. Sikuulizi.

Babu yako


Tarehe 14 Machi

Kwa Babu mchumba,

Shikamoo. Habari za magoti na za hapo nyumbani? Mimi nimerudi wodini, kitanda cha kumi na moja, lakini safari hii ni goti moja tu, kwa hiyo sasa tunafanana. Halafu, halafu, halafu. Zilizobaki kumi na saba ziko nyuma ya karatasi.

Maswali nimeyafanya yote. La nne lilileta mjadala. Ulisema kitambaa kina mita 7½ na sketi moja inakula mita 5/8, zitatoka sketi ngapi. Nikapata 15/2 × 8/5 = 12. Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu ananimenyea chungwa. Akatazama akasema, "Kumi na moja." Nikamwambia, Mama, ni kumi na mbili kamili. Akasema, "Kitabu hakina mabaki. Aliyetunga swali hilo hajawahi kushika mkasi." Nikamwambia aliyelitunga ni wewe. Akaendelea kumenya.

Kitanda cha kumi na mbili yuko mama mmoja muuza viatu, amevunjika mguu. Tunacheza ludo. Hawezi kutoa kete mpaka apate sita, na leo amerusha dadu mara kumi na moja bila sita. Kila akirusha anasema, "Hii sasa lazima. Sita yangu iko njiani, imechelewa tu." Nikamwambia uwezekano ni 1/6 ile ile. Akasema, "Mtoto wewe, dadu lenyewe linaona aibu sasa." Babu, nani kati yetu ana haki? Maana alisema kwa sauti kubwa mpaka nikaanza kuyumba.

Kuna jambo lingine. Mama ana mimba ya miezi minne. Hakuna anayelizungumza nyumbani. Baba anapiga mluzi tu akiwa anafungua mafriji ya watu kuyatengeneza, na Mama anashona kama kawaida. Muuguzi wa zamu ya mchana alinichorea kisanduku chenye vyumba vinne kuonyesha jinsi selimundu inavyorithiwa. Baba ana nusu, Mama ana nusu, wao wenyewe hawaumwi. Kwa mtoto: 1/2 × 1/2 = 1/4. Nilifurahi kwa sababu niliielewa kabla hajamaliza, halafu sikufurahi tena. Mdogo wangu aliyefariki alikuwa nayo, na mimi ninayo. Sasa huyu anayekuja ni swali la kurudisha au la kutorudisha?

Baba anakusalimu. Mama muuza viatu anakusalimu na anasema yeye ndiye mwenye haki.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Aprili

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Nakuombea nafuu ya goti hilo moja. Mimi niliamka na yangu yote mawili, na nikaenda nayo posta.

Majibu yako: kumi na moja kati ya kumi na mawili. La tisa hukurahisisha. 18/24 haijapata kuwa jibu la mtu aliyesoma, ni 3/4.

Kuhusu sketi, mwambie fundi kwamba hesabu ni ya kitambaa, si ya mkasi. Mabaki ni jambo la kweli, lakini halikuulizwa.

Kuhusu dadu, una haki wewe. Dadu halina kumbukumbu wala aibu. Halijui lilirushwa mara ngapi. Mtu anayesema sita "lazima ije" anachanganya mrusho na mfuko. Anadhani zile namba nyingine zimetoka na hazirudi, kumbe kila mrusho unaanza na namba zote sita upya. Hili ni kosa la kawaida sana, hata kwa watu wazima.

Mambo ya ujauzito wa mama yako si zoezi, na wala si ya umri wako. Nimeambatanisha maswali kumi na matano. Lile la nane ni gumu. Usikimbilie jibu la nyuma ya kitabu, maana kitabu hicho hunacho.

Msalimu baba yako.

Babu yako


Tarehe 30 Mei

Babu,

Shikamoo. Sijambo, sijalazwa tangu Machi. Nyumbani wote ni wazima.

Nilikaa siku nyingi bila kukuandikia. Maswali kumi na matano nimeyafanya, yako humu. Lakini si hayo yaliyonikalisha.

Mwezi uliopita Mama alinituma nimletee kadi ya kliniki. Anaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Chini ya kadi palikuwa na kadi nyingine ya zamani, ya mdogo wangu, na chini yake barua. Nisingeisoma, Babu. Lakini niliujua mwandiko kabla sijaujua ujumbe. Ni huu huu unaonisahihisha, mstari mnyoofu chini ya kila jibu. Ina miaka kumi na miwili. Nimeinakili neno kwa neno:

"Mwanangu, umeniuliza kama uzae tena. Daktari amesema robo. Robo ni mmoja katika wanne. Huyo mmoja umekwisha kumpata, na umekwisha kumlilia vya kutosha. Mfukoni wamebaki watatu wazima. Zaa bila hofu. Unasema muuguzi amekuambia vingine. Muuguzi amesoma hesabu miaka mingapi? Mimi nazifundisha. Baba yako."

Ile nakala nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, nimeitia humu. Pale penye "wamebaki watatu" nimeandika: hili ni swali la kurudisha, mwanafunzi ametumia njia ya kutorudisha. Kila mtoto ni 1/4 upya. Kwa watoto wawili wote kuugua ni 1/4 × 1/4 = 1/16, ambayo ni ndogo lakini si sifuri. Alama: 0/5.

Nilipomaliza kusahihisha nilijiona hodari sana kwa muda kama wa dakika moja. Halafu nikaisoma tena. Babu, huyo mmoja ni mimi.

Sasa naelewa kwa nini Mama hayumo kwenye barua zangu. Nilimuuliza. Hakukasirika kwamba nimesoma. Alisema tu, "Nilikuwa na muuguzi na nilikuwa na baba. Nikamchagua baba." Akarudi kwenye cherehani.

Wewe mwenyewe uliniandikia Aprili kwamba dadu halina kumbukumbu. Kwa hiyo unajua. Ulijua lini?

Atajifungua Agosti. Hasemi, lakini naona anahesabu kwa vidole akiwa anadhani simtazami. Mwandikie. Mwambie ulikosea. Fanya hivyo kabla mtoto hajazaliwa, ili awe amesikia kwako kwamba hata akizaliwa mgonjwa si yeye aliyekosea kuchagua. Ni hilo tu ninaloomba, na sitaomba jingine.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Juni

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia kwamba hujalazwa.

Barua ya mama yako si daftari lako. Mtoto aliyelelewa hafungui kopo la mtu mzima kwa haja moja akatoka na haja mbili. Sikuwahi kusahihishwa kwa kalamu nyekundu na wakaguzi watatu wa shule, na sitaanza leo kusahihishwa na mtu ambaye mwezi Februari alikuwa hajui 5/14 imetoka wapi.

Barua ile iliandikwa kumtia moyo mwanamke aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na ambaye hakuwa akilala wala kula. Iliandikwa na mzazi. Si kila neno la mzazi ni jawabu la mtihani.

Kumwandikia mama yako sasa, akiwa katika hali hiyo, kungemtia hofu bure. Nitajua wakati wake.

Majibu yako: kumi na manne kati ya kumi na matano. Lile la nane umelipata, na njia yako ni fupi kuliko yangu. Endelea na maswali haya mapya kumi.

Babu yako


Tarehe 3 Septemba

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Mama amejifungua tarehe 21 Agosti. Ni msichana. Walimtoboa kisigino wakachukua damu, tukasubiri siku kumi na mbili. Baba hakupiga mluzi siku zote hizo. Alifungua friji moja la duka la nyama akashindwa kulifunga, ikabidi aitwe mwenzake. Jana majibu yametoka. Amechukua upande mmoja tu, kama Mama na kama Baba. Haumwi.

Nilikuwa nimekokotoa yote kabla: kuugua 1/4, kubeba bila kuugua 2/4, kuwa huru kabisa 1/4. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Muuguzi alipotaja jibu sikuitazama.

Nilikuambia sitaomba jingine, na siombi. Nakupa habari tu. Mwezi wa Julai wote Mama alikuwa akirudi kutoka kazini anauliza kama mtu wa posta amepita. Hakuwahi kuuliza hivyo kabla. Siku uchungu ulipomwanza, tukiwa tunasubiri gari, aliuliza tena. Nikasema hapana. Akasema, "Haya."

Maswali kumi yako humu.

Mjukuu wako


Tarehe 15 Septemba

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Mungu ashukuriwe kwa mtoto na kwa mama yake. Habari hii nimeisoma nimesimama mlangoni mwa posta, na karani alidhani nimefiwa, akaniletea kiti.

Sasa kwa kuwa mtoto ni mzima, naweza kumwandikia mama yako bila kumtisha. Barua yake nimeiambatanisha. Ina kurasa tatu. Mpe mkononi.

Majibu yako ni kumi kati ya kumi.

Babu yako


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Kwa binti yangu,

Salamu na hongera. Natumaini wewe, mumeo na kichanga mnaendelea vizuri, na kwamba nguvu zinakurudia.

Nakuandikia kurekebisha kosa lililomo katika barua yangu ya miaka kumi na miwili iliyopita. Kosa hilo ni la aina ya swali. Nilichukulia watoto wanne kama gololi nne ndani ya mfuko, moja mbovu na tatu nzima, ambapo gololi ikitoka hairudi. Chini ya dhana hiyo, tokeo la kwanza likiwa bovu, uwezekano wa tokeo la pili kuwa bovu ni 0/3, yaani sifuri. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Dhana ndiyo haikuwa sahihi.

Njia iliyopasa ni ya kurudisha. Kila tokeo linajitegemea. Tokeo la kwanza: 1/4. Tokeo la pili: 1/4. Kwa hiyo, wakati ulipoomba ushauri wangu, uwezekano wa tokeo la pili kuwa zima ulikuwa 3/4. Utaona kwamba hata kwa njia sahihi, ushauri wa kuendelea ulikuwa na upande mzito zaidi. Ninataja hili si kwa kujitetea bali kwa ukamilifu.

Katika ukurasa unaofuata nimekuchorea mti wa matokeo, wenye matawi ya watoto watatu, ili uone wazi jinsi kila tawi linavyogawanyika upya bila kuathiriwa na tawi lililotangulia. Matawi yote yakijumlishwa yanatoa moja kamili. Ukurasa wa tatu una jedwali.

Ninakiri kosa hilo, na ninalisikitikia.

Baba yako


Tarehe 6 Oktoba

Babu,

Shikamoo.

Barua nilimpa Mama mkononi, kama ulivyosema. Nilimpelekea karakanani wakati wa mapumziko, kwa sababu nilitaka aisome mahali ambapo hatakuwa anapika wala kufua. Alikaa juu ya robota la kitambaa akasoma ukurasa wa kwanza polepole. Wa pili aliutazama, ule mti. Akaugeuza upande, kama mtu anayetafuta juu na chini ya patroni ya kukatia nguo. Wa tatu hakuufungua. Akanipa zote akaniuliza, "Amemtaja?"

Nikauliza nani.

Akasema, "Mtoto."

Nilitafuta. Nilisoma kurasa zote tatu nimesimama pale, mafundi wenzake wanatutazama. Babu, umeandika "tokeo la pili" mara tatu. Kwenye jedwali umemwandika namba mbili. Hayumo. Nikamwambia hayumo.

Kengele ikalia, Mama akasimama. Halafu akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu hakusema nisiyaandike: "Ile hesabu niliisamehe zamani. Watu hukosea hesabu. Hata mimi nimekata sare za shule nzima vibaya mara moja, tukafumua. Mwambie mazishi hayakuwa hesabu." Akaingia ndani.

Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kwamba hukuja. Baba ndiye aliyenieleza usiku huo. Alisema wazee wote walikuwapo, na kiti kimoja kiliachwa wazi mbele mpaka watu walipoanza kuondoka.

Mtihani unaanza tarehe 3 Novemba. Sehemu nazijua. Uwezekano naujua. Nakushukuru, na nasema kweli, kwa sababu umenifundisha vizuri kuliko mtu yeyote. Usinitumie maswali mengine.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini mko wazima. Barua hii haina hesabu.

Mwanao wa pili nilimwona mara mbili. Najaribu kukumbuka ya tatu na haipo.

Mara ya kwanza ulimleta kwangu akiwa na miezi minane. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Ulimweka juu ya meza akaishika kalamu yangu nyekundu kwa mkono wa kushoto. Nilimnyang'anya. Hakulia. Alinitazama, akatazama kalamu, akashika daftari badala yake, na ukacheka ukasema huyu atakuwa mkaguzi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona manjano katika macho yake, na nilikuwa nayajua kutoka kwa dada yake.

Mara ya pili ilikuwa wodini, alipokuwa na mwaka mmoja na nusu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kama mkate uliotiwa hamira. Uliniachia naye ukaenda kutafuta maji. Alininyooshea mikono yote miwili. Nilimwambia mwanamume halii. Wala hakuwa analia. Alikuwa ananionyesha tu. Nadhani alitaka nimpulizie, kwa maana wewe uliporudi alikunyooshea vile vile na ukampulizia. Mimi nilikuwa nimeiweka mikono yangu mifukoni.

Binti yako ameniuliza nilijua lini. Nilijua mwaka ule ule aliozaliwa mdogo wake. Nilikuwa mbele ya darasa nikifundisha dadu, na mwanafunzi mmoja akasema kwamba sita lazima ije. Nilimsahihisha, na nilipokuwa namsahihisha nikajisikia mwenyewe. Nilifuta ubao nikaendelea na kipindi. Ulikuwa bado unaniandikia wakati huo, kila mwezi. Nilikuwa na nafasi katika kila jibu nililokupa, na nilizijaza zote kwa habari za mvua na za bei.

Kisha ukaja ujumbe wa msiba. Nilikujibu kwamba siwezi kufika, kwa kuwa nina mitihani ya darasa la mwisho ya kusahihisha na serikali haingojei. Uliniamini, au ulinyamaza. Sijui ni lipi. Ilikuwa wiki ya pili ya likizo. Hapakuwa na mtihani wowote. Siku mliyomzika mwanao, mimi nilikuwa nyumbani, nimevaa nguo za safari, nimekaa kitandani na viatu miguuni mpaka basi la mwisho lilipopita.

Baba yako